Kilichotupwa Kwenye Picha

Kuna jedwali la namba 64 nimelibandika ukutani juu ya meza yangu ya kusomea. Lina mistari 8 na safu 8. Mstari wa kwanza unasomeka hivi: 16, 11, 10, 16, 24, 40, 51, 61. Kadiri unavyoelekea kona ya chini ya kulia namba zinazidi kuwa kubwa, na ya mwisho kabisa ni 99. Ninayeishi naye chumba kimoja aliwahi kuniuliza kama ni namba za bahati nasibu. Nikamjibu kwamba ni namba za kutupia vitu, naye akanitazama kama mtu anayehitaji kulala.

Jedwali hilo limo katika kiambatisho cha kanuni za JPEG, zilizopitishwa mwaka 1992. Limewekwa pale kama mfano tu. Hakuna anayelazimishwa kulitumia. Lakini programu za mwanzo zililichukua kama lilivyo, zikalikuza au kulipunguza kulingana na ubora anaoutaka mtumiaji, na programu nyingi zilizofuata zikairithi tabia hiyo. Kwa hiyo kama umewahi kufungua ukurasa wa gazeti mtandaoni ukatazama picha ya mgombea, ya harusi au ya nyumba inayopangishwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba namba hizi, au wajukuu wao, zilipita hapo kabla yako na kuamua usione nini.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Utafiti wangu unahusu kanga katika picha za familia: kanga ipi ilivaliwa siku gani, na nani, mbele ya nani. Kinachonishughulisha zaidi ni jina, yaani yale maandishi yanayokaa ndani ya mji, juu kidogo ya pindo, kwa sababu jina ndilo linalosema kile ambacho mvaaji hakutaka kukitamka. Mwaka jana mradi wetu ukaamua kuweka maonyesho madogo mtandaoni, na kazi ya kuandaa picha ikaniangukia mimi kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote. Sharti lilikuwa moja: picha yoyote isizidi kilobaiti 150.

Hesabu yake iko hivi. Simu ya kawaida ya leo inapiga picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani pikseli milioni 12. Kila pikseli inabeba baiti 3: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Hizo ni megabaiti 36 kwa picha moja. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ile iliyokuwa ikilia kama paka aliyekanyagwa kabla ya kuunganisha, picha hiyo ingechukua dakika 86, karibu mechi nzima ya mpira. Picha ya kilobaiti 150 ingechukua sekunde 21. Sehemu ya safari hiyo ni rahisi, nayo ni kupunguza vipimo. Kwenye ukurasa wa tovuti picha haihitaji upana unaozidi pikseli 1,200 hivi, na ukiipunguza mpaka hapo umeshashuka hadi megabaiti 3 na ushei. Kutoka megabaiti 3 kwenda kilobaiti 150, hapo ndipo penye historia.

Kazi hii kwa Kiswahili tunaiita kubana picha, na nimekuja kulipenda neno hilo. Ni kubana kule kule kwa kubana matumizi. Mtu akibana matumizi, shilingi zake hazinywei zikawa ndogo. Anaacha kununua kitu fulani, akitumaini kwamba nyumbani hakuna atakayeuliza kimeenda wapi.

Mwanzoni watu walijaribu kubana bila kuacha chochote. Mwaka 1977 na 1978 Abraham Lempel na Jacob Ziv walichapisha njia ya kufupisha data kwa kuyapa marudio jina fupi, na mwaka 1984 Terry Welch akaiboresha. Mwenye duka anaijua njia hii: badala ya kuandika "unga kilo 2" mara kumi kwenye daftari la mikopo, anachora alama ya "vilevile" akishuka nayo. Ukilisoma daftari hilo unapata kila kitu kama kilivyokuwa. Juni 1987 kampuni ya Marekani ya CompuServe, kupitia timu ya Steve Wilhite, ikatoa aina ya faili iliyotumia njia hiyo, nayo ikaitwa GIF.

GIF ina kikomo cha rangi 256 kwa picha. Kwa nembo, ramani na vibonzo zinatosha kabisa. Kwa uso wa mtu hazitoshi. Shavu linapanda kwa ngazi, kama kilima kilicholimwa matuta. Hata hivyo ndiyo iliyokuwepo. Mojawapo ya picha za kwanza kabisa kuwekwa kwenye wavuti, mwaka 1992, ilikuwa GIF ya wanawake wanne wa kikundi cha muziki wa kuchekesha pale CERN, karibu na Geneva, ambako wavuti wenyewe ulizaliwa. Mwaka uliofuata, mwezi Februari, kijana Marc Andreessen alipendekeza alama ya kuingiza picha katikati ya maandishi, na kivinjari chake cha Mosaic kikaionyesha dunia kwamba ukurasa unaweza kuwa na sura. Kabla ya hapo picha ilifunguka peke yake kwenye dirisha lake, mbali na maelezo yake, kama mgeni aliyeambiwa asubiri barazani.

Mambo ya hataza yanachosha, kwa hiyo nitapita haraka. Mwisho wa 1994 kampuni ya Unisys, iliyomiliki hataza ya njia ya Welch, ilitangaza kwamba watengenezaji wa programu za GIF watatakiwa kulipa. Watu walikasirika, na hasira zikazaa kitu: Januari 1995 kundi la wajuzi walianza kuandika aina mpya isiyodaiwa na mtu, PNG, ikakamilika mwaka 1996. Nayo haipotezi chochote. Ndiyo sababu picha ya skrini ya simu yako ikihifadhiwa kwa PNG, herufi zake zinabaki kali kama wembe.

Lakini kwa picha za watu na mandhari, kubana bila kupoteza hakufiki mbali, maana kwenye ngozi, majani na mchanga hakuna "vilevile" nyingi. Pikseli mbili jirani zinakaribiana ila hazifanani. Ilibidi mtu athubutu kutupa, na atupe kwa akili.

Mtu huyo alizaliwa Bangalore, India, mwaka 1940. Nasir Ahmed alikwenda Marekani kusoma, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akifundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mwaka 1972 aliomba ruzuku kwenye mfuko wa serikali ya Marekani wa utafiti wa sayansi ili achunguze njia ya kuchanganua picha kwa mawimbi ya kosaini. Alinyimwa. Miaka karibu 20 baadaye alisimulia mwenyewe kwamba mmoja wa wakaguzi aliliona wazo zima kuwa jepesi mno. Hakuliacha. Mwaka 1973 aliendelea nalo bila ruzuku hiyo, akisaidiana na mwanafunzi wake wa udaktari, T. Natarajan, na rafiki yake K. R. Rao wa Chuo Kikuu cha Texas kule Arlington. Makala yao ilitoka Januari 1974. Ina kurasa 4.

Mimi ambaye ninaandika pendekezo la utafiti la kurasa 30 ili nipewe nauli ya kwenda Tanga na kurudi, nimeisoma hadithi hiyo zaidi ya mara moja.

Wazo lenyewe mtu anaweza kulishika bila hesabu. Chukua picha uikate vipande vidogo vya mraba, kila kimoja pikseli 8 kwa 8, jumla pikseli 64. Sasa usiulize kila pikseli ina mwangaza kiasi gani. Uliza kipande kizima kimetengenezwa kwa mchanganyiko wa michoro gani. Michoro iko 64 na haibadiliki: wa kwanza ni mwangaza mtupu, sawa kila mahali, unaofuata unatoka kwenye weupe kwenda kwenye weusi taratibu, mingine ina mistari miwili, mitatu, minne, mpaka wa mwisho ambao ni vidoadoa vya kubadilishana kama ubao wa drafti. Ni kama kusikiliza kikundi cha taarabu ukaweza kusema: hapa fidla ni kiasi hiki, kanuni kiasi hiki, dumbaki kiasi hiki. Ukizijua sauti zote kwa viwango vyake, wimbo unaweza kuujenga upya. Mpaka hapa hujatupa kitu. Namba 64 zimegeuka kuwa namba nyingine 64.

Faida inaonekana ukizitazama hizo namba mpya. Katika kipande cha kawaida cha picha, cha mbingu au cha paji la uso, uzito wote umekaa kwenye michoro michache ya kwanza, ile ya taratibu. Ile ya vidoadoa ina uzito kiduchu. Na jicho la binadamu, kwa bahati, nalo ni zito kuona vidoadoa. Basi hapo ndipo lile jedwali la ukutani kwangu linapoingia kazini. Kila uzito unagawanywa kwa namba yake na jibu linafanywa namba kamili. Uzito wa 100 ukikutana na 16 unatoa 6.25, inaandikwa 6, picha ikifunguliwa inazidishwa tena na kurudi 96. Umepoteza 4, hakuna aliyeona. Uzito wa 25 ukikutana na 61 unatoa 0.41, inaandikwa 0. Ukizidisha 0 kwa 61, au kwa chochote, unajua unapata nini. Mchoro huo umekufa katika kipande hicho na haufufuki.

Zinazobaki ni namba chache na sifuri nyingi zilizofuatana, na sifuri zilizofuatana ni rahisi kufupisha. Mara nyingi kazi hiyo ya mwisho hufanywa na njia ya David Huffman, aliyeibuni mwaka 1951 akiwa mwanafunzi kule MIT, baada ya mwalimu wake Robert Fano kuwapa darasa uchaguzi: mtihani au kazi ya kuandika. Huffman akachagua kuandika. Mwalimu mwenyewe alikuwa amelihangaikia swali hilo hilo asipate jibu kamili, ila hakuwaambia.

Kamati iliyoyaunganisha haya yote iliundwa mwaka 1986 na wataalamu kutoka mashirika mawili ya viwango ya kimataifa, na JPEG ni kifupi cha jina lake. Ni vizuri kukumbuka walichokuwa wanakiwazia. Wavuti haukuwepo. Walikuwa wanafikiria kutuma picha kwa waya za simu za kidijitali za kilobiti 64 kwa sekunde, na picha zao za majaribio zilikuwa na ukubwa wa skrini ya televisheni ya Ulaya, pikseli 720 kwa 576. Picha kama hiyo, bila kubanwa, ingechukua zaidi ya dakika mbili na nusu kufika. Mapendekezo 12 yaliwasilishwa, yakachujwa yakabaki 3, na Januari 1988, kwenye mkutano wa Copenhagen, ile njia ya kosaini ikashinda. Ilishinda kwa macho: watu waliangalia picha zilizobanwa wakatoa alama. Hata lile jedwali la namba 64 ni zao la vipimo vya macho, vya kutafuta ni wakati gani mchoro fulani unaacha kuonekana.

Halafu ikaja zawadi ambayo haisimuliwi sana. Oktoba 1991, kabla hata kanuni hazijapitishwa rasmi, kundi la kujitolea lililoongozwa na Tom Lane lilitoa programu ya bure ya kubana na kufungua JPEG. Kila mtu akaichukua. Kivinjari cha Netscape cha mwaka 1994 kikaweza kuonyesha JPEG ndani ya ukurasa, na tangu hapo sura ya wavuti ikawa sura ya JPEG. Nina hakika kabisa kwamba bila programu ile ya bure leo tungekuwa tunasoma historia nyingine.

Macho ya nani, basi? Swali hili mwanafunzi wa historia hawezi kulikwepa, hata kama wahandisi wataliona ni la uchokozi. Picha iliyotumika kuliko zote katika makala za uchakataji wa picha ilipatikana mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles. Mhadhiri Alexander Sawchuk na wenzake walihitaji sura ya mtu kwa ajili ya makala ya mkutano. Mmoja akaingia na nakala ya jarida la Playboy la Novemba 1972. Wakakata sehemu ya juu ya picha ya kati, ya mwanamitindo wa Sweden, Lena Forsén, wakaizungusha kwenye skana, wakapata mraba wa pikseli 512 kwa 512: bega wazi, kofia yenye manyoya, kioo nyuma. Kwa miongo kadhaa watafiti wakipima mbinu mpya walimpima Lena. Wanawake wengi waliosoma uhandisi walichoka kumwona na wakasema hivyo, naye mwenyewe akaja kusema kwamba sasa angependa kustaafu. Kuanzia Aprili 2024, chama cha kompyuta cha IEEE hakipokei tena makala zenye picha hiyo.

Nisieleweke vibaya: jedwali la JPEG halikutokana na Lena. Ninachosema ni kwamba fani nzima ililizoesha jicho lake kwenye picha chache zilizokuwa karibu na mkono. Kuna nyingine maarufu inayoitwa Barbara, ya mwanamke aliyejitanda kitambaa cha mistari karibu na meza yenye kitambaa cha miraba. Hiyo huwekwa kwa makusudi, kwa sababu nguo yenye mistari myembamba ni mtihani mgumu kwa mbinu yoyote ya kubana. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba. Mwanamke, mtandio, mistari: hawa jamaa wamefika karibu sana na kanga, wakageuka.

Huku kwetu kubana hakukuwa jambo la makala za mikutano. Mpaka katikati ya mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini. SEACOM ilianza kufanya kazi Julai mwaka huo, na mingine ikafuata. Kabla ya hapo data ilipanda angani kwenye setilaiti na kushuka, kwa bei ya angani. Mjomba wangu alikuwa na mkahawa wa intaneti wenye kompyuta 6 na dishi moja. Anasema alizima picha kwenye vivinjari vyote na kubandika tangazo: anayetaka picha aseme, aongezewe muda. Wateja waliojua walifungua picha kisha wakatoka kwenda kununua soda. Wakirudi, wanakuta imeshuka mpaka kidevuni.

Kizazi changu kikaja na simu. Tukiwa sekondari wengi wetu tulitumia Opera Mini, kivinjari kilichotoka Norway, kilichoanza kupatikana duniani kote mwaka 2006. Ukurasa haukuja moja kwa moja kwenye simu. Ulipita kwanza kwenye seva za kampuni, ukabanwa pamoja na picha zake, ndipo ukaletwa. Kwenye mipangilio kulikuwa na sehemu ya kuchagua ubora wa picha, na katika bweni letu kuchagua ubora wa juu kulionekana kama kula nyama katikati ya mwezi. Tuliiona dunia ikiwa na ukungu na tukaizoea. Lakini tuliiona. Ninapowasikia watu wakiisema vibaya JPEG, ninakumbuka bando la shilingi 500 lililotakiwa kufika Jumapili.

Sasa nirudi kwenye kanga. Nilipoanza kubana picha za maonyesho niliona kwamba nyuso zinavumilia, bahari inavumilia, ukuta unavumilia. Majina hayavumilii. Ukitafakari utaona ni kwa nini. Herufi ni ukingo mkali, na ukingo mkali unahitaji ile michoro ya mbio ambayo jedwali linaigawanya kwa namba kubwa. Ikitupwa, pembeni ya kila herufi kunazuka vumbi, kama nzi wamezunguka maandishi.

Na kuna hasara ya pili, ya rangi. Kabla ya yote JPEG hutenganisha mwangaza na rangi, hila iliyopewa hataza na Mfaransa Georges Valensi tangu 1938 kwa ajili ya televisheni. Kwa kuwa jicho linaona mwangaza kwa makini kuliko rangi, programu nyingi huweka rangi moja kwa kila pikseli 4. Kwa mandhari huoni tofauti. Lakini chukua kanga yenye maandishi mekundu juu ya weusi. Mwangaza wa wekundu ule na wa weusi haupishani sana. Kinachokuwezesha kusoma ni rangi yenyewe, na rangi ndiyo imepunguzwa. Herufi zinavimba na kushikana. Kuna ya tatu pia, ya picha za usiku za harusi, zilizopigwa kwa taa moja ukumbini. Mkunjo wa buibui, uso mweusi kwenye kivuli, tofauti zake ni ndogo, na katika mizani hii tofauti ndogo ndiyo inayokuwa sifuri. Kanuni haijui ngozi ya mtu. Inajua tu kilicho hafifu.

Nilitumia wiki mbili nikijaribu. Zipo aina mpya za faili: WebP, iliyotangazwa na Google Septemba 2010 na ikachukua miaka 10 kukubalika katika vivinjari vyote vikubwa, na AVIF ya mwaka 2019. Zote zinabana vizuri kuliko JPEG. Lakini WebP ile ya kupoteza haina namna ya kuacha rangi bila kuipunguza, kwa hiyo kwa herufi nyekundu upya wake haukunisaidia. Mwishowe picha nyingi nimezibakiza kwenye JPEG, nikizima kule kupunguza rangi, na kufidia uzito kwa kushusha upana hadi pikseli 1,000. Pale ambapo jina ni muhimu nimekata ukanda wake peke yake nikauweka kando kwa PNG, chini ya picha kubwa. Nakala kamili, zisizobanwa, ziko kwenye diski mbili katika majengo mawili tofauti. Hili la diski ningemwambia kila anayekusanya picha za wazee: unachokiweka mtandaoni ni kivuli, hakikisha mwenye kivuli bado yuko.

Kwa picha moja mwenye kivuli hayuko. Ni ya harusi ya miaka ya 1980. Bibi mmoja, ambaye nitamwita Bibi tu, amesimama nyuma ya bwana harusi, mwanawe, amevaa doti ya kanga, na pindo la nyuma limegeukia kamera. Picha ya karatasi iliharibika kwa mvua miaka kadhaa iliyopita. Kabla ya hapo mjukuu wake alikuwa ameipiga kwa simu na kuituma kwenye kundi la familia. Ikatoka kundi hilo kwenda jingine, na kila programu ilipoihifadhi upya iliibana tena, namba juu ya namba. Simu ya kwanza iliibwa. Nilichopokea mimi ni faili la kilobaiti 38.

Nimelikuza jina mpaka pikseli zimekuwa kama vigae. Kuna maneno 3, la kati ni fupi. Zaidi ya hapo ni vumbi.

Nilikwenda kumsalimia Bibi na kumuuliza. Hakusita, alilitaja jina la kanga ile papo hapo, maneno 3, la kati fupi. Ni dua ya kuwatakia maharusi heri. Mdogo wake, aliyekuwa ameketi pembeni akichambua mchele, akainua kichwa. "Dada, hiyo ulivaa kwenye arobaini ya mtoto. Siku ya ndoa ulivaa ile nyingine." Akalitaja la kwake. Nalo lina maneno 3, la kati ni fupi, na ni kijembe kikali kwa mtu aliyekuwepo ukumbini siku ile na ambaye yu hai mpaka leo, ndiyo maana sitaliandika hapa. Bibi alimtazama mdogo wake kwa muda. "Mjukuu wangu," akaniambia, "andika la kwangu."

Tofauti ya majina hayo mawili ni sura nzima ya tasnifu yangu. Moja linasema mama alikubali ndoa ile, jingine linasema alisimama mbele ya wageni wote akaikataa bila kufungua mdomo. Kilichoweza kuamua kilikuwa herufi kumi na kitu, na kila herufi uzito wake ulikuwa mdogo.

Kwenye maelezo ya picha nimeandika kwamba jina halisomeki, na kwamba wapo watu wawili waliokuwepo wanaolikumbuka tofauti. Faili nimeliweka kama lilivyonifikia, kilobaiti 38. Nilikuwa na ruhusa ya kufika 150.